Kodi Ni Ile Ile, Bei Ndiyo Inayotofautiana

Mwajiriwa wa Dodoma ambaye kipato chake chote ni mshahara uliokwisha kukatwa kodi na mwajiri hana haja ya kupeleka ritani ya mwaka. Mwenzake wa Nairobi ana kazi kidogo zaidi: mwajiri humpa fomu ya P9, naye huingia kwenye mtandao wa iTax kwa namba yake ya KRA, hujaza na kutuma kabla ya tarehe 30 Juni. Huenda akamlipa kijana wa saiberi amsaidie, lakini mtandao wenyewe haumtozi hata senti. Mtu huyohuyo akihamia Houston, Columbus au Minneapolis hukuta utaratibu mwingine kabisa. Serikali ya Marekani inamtaka ajipigie hesabu mwenyewe na kuiwasilisha kufikia tarehe 15 Aprili, na chombo cha kufanyia kazi hiyo, mara nyingi, anakinunua kwa kampuni binafsi. Kuanzia Januari matangazo humwandama kwenye simu, televisheni na mabango ya barabarani, kila kampuni ikiahidi marejesho makubwa kuliko ya mwenzake, na kila moja ikitamka neno "bure" kwa sauti kubwa kuliko masharti yake.

Ninachotaka kutetea hapa ni jambo moja. Hakuna programu ya kodi inayoweza kukupunguzia kodi kuliko programu nyingine ikiwa umeziambia zote ukweli uleule. Sheria ya kodi ya shirikisho ni moja, viwango ni vimoja, na Mamlaka ya Mapato ya Marekani, IRS, haipokei kwa mtandao ritani kutoka kwenye programu ambayo haijapita majaribio yake. Kilo ya sukari haizidi kwa kupimwa kwenye mizani ya bei kubwa. Kwa hiyo anayeuliza "programu ipi ni bora" anaanzia pasipo. Aanze kwa kutandaza karatasi zake mezani, ajue ni fomu zipi zinazomhusu, kisha atafute programu ya bei ndogo kuliko zote inayozipokea zote. Watu wengi wanaotegemea mshahara wakifuata njia hiyo hujikuta hawana sababu ya kulipa chochote kwa ritani ya shirikisho.

Ni vizuri kuanza na kazi ambayo programu hufanya, kwa sababu ukiielewa, nusu ya hofu hutoka. Ritani ya mtu binafsi inaitwa Fomu 1040, nayo ina kurasa mbili. Programu haikuonyeshi kurasa hizo moja kwa moja. Hukuuliza maswali, moja baada ya jingine: umeoa au umeolewa, una watoto wangapi, uliishi jimbo gani, ulilipwa na nani. Majibu yako huyapanga kwenye mistari ya fomu. Mwajiri anatakiwa kukupa karatasi ya W-2 kufikia tarehe 31 Januari, na ndani yake mna mshahara wote wa mwaka pamoja na kodi iliyokwisha kukatwa. Kwenye mshahara huo unaondolewa kiasi kisichotozwa kodi, ambacho kwa mapato ya mwaka 2025 ni dola 15,750 kwa mtu asiye na ndoa na dola 31,500 kwa wanandoa wanaofaili pamoja. Takriban walipakodi tisa kati ya kumi huchukua kiasi hicho cha jumla, hawahangaiki kuorodhesha risiti za riba ya nyumba au sadaka. Kinachobaki hutozwa kwa viwango vinavyopanda hatua kwa hatua, unatolewa unafuu wa watoto kama unao, kisha kodi inalinganishwa na ile iliyokwisha kukatwa. Ikizidi, unarudishiwa, ikipungua, unaongeza. Hesabu ya namna hiyo haihitaji chombo cha gharama.

Tuchukue mfano wa mtu mmoja wa kubuni. Ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee huko Houston, hana ndoa wala mtoto, na mwaka 2025 alipata mshahara wa dola 38,000. Jioni huendesha gari la abiria kupitia programu ya simu, na huko alipata dola 9,500. Kwa kazi ya gari yeye si mwajiriwa bali mwenye biashara, hivyo anajaza jedwali linaloitwa Schedule C na kulipa kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 juu ya sehemu kubwa ya faida, mbali na kodi ya mapato ya kawaida. Ikiwa aliandika maili alizoendesha kwa kazi hiyo, na zikafika 5,000, sheria inamruhusu kutoa senti 70 kwa kila maili, yaani dola 3,500. Faida yake inashuka hadi dola 6,000, na kodi zake mbili kwa pamoja hupungua kwa zaidi ya dola 800. Ikiwa hakuandika, programu ya dola 150 haiwezi kumkumbushia maili ambazo haizijui. Daftari la maili, au hata kumbukumbu ndogo kwenye simu, limemletea fedha ambazo hakuna tangazo lingeweza kumletea.

Kuna jipya pia linalomgusa mtu wa aina hii. Sheria iliyopitishwa mwaka 2025 inaruhusu, kwa miaka ya 2025 hadi 2028, kutoa kwenye mapato yanayotozwa kodi ile nyongeza ya malipo ya saa za ziada, hadi dola 12,500 kwa mtu mmoja. Nyongeza hapa ni ile nusu ya juu tu. Anayelipwa dola 20 kwa saa na kupewa dola 30 kwa saa ya ziada anahesabiwa dola 10. Aliyefanya saa 200 za ziada ana dola 2,000 za kutoa, na kwa kiwango cha asilimia 12 hiyo ni dola 240 mfukoni. Tabu ni kwamba waajiri hawakulazimishwa kuionyesha nyongeza hiyo peke yake kwenye W-2 ya mwaka 2025, kwa hiyo mara nyingi mtu inambidi aitafute kwenye hati yake ya mwisho ya malipo. Programu ya bure na ya ghali zote zitauliza swali lilelile, na zote zitasubiri namba ambayo wewe ndiwe unayeishika.

Basi kama hesabu ni moja, bei zinatofautiana kwa nini? Kampuni kubwa hupanga bidhaa zao kwa ngazi, na ngazi hizo hufuata fomu kuliko ugumu wa hesabu. Ngazi ya chini hupokea W-2 na mambo machache mepesi. Ukiwa na kazi ya kujiajiri, nyumba ya kupangisha, hisa ulizouza au akaunti ya akiba ya matibabu, unapandishwa. Kinachoumiza ni wakati wa kupandishwa. Mtu huanza kwenye ukurasa ulioandikwa bure, hujaza majina, namba za hifadhi ya jamii, watoto, mwajiri wa kwanza, mwajiri wa pili. Saa nzima imepita. Halafu anapoweka karatasi ya 1099 ya kazi ya gari, kioo kinamwambia kwamba ili kuendelea anahitaji toleo la juu, na kitufe kikubwa chenye rangi ndicho cha kukubali. Hajadanganywa kwa neno, lakini uchovu wake umetumika dhidi yake. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliishtaki kampuni ya H&R Block ikidai kwamba mteja aliyetaka kushuka kutoka toleo la ghali kwenda la nafuu alilazimika kuwasiliana na huduma kwa wateja, na kwamba taarifa alizokwisha kujaza zilifutwa akaanza upya, ilhali kupanda kulikuwa kwa kubonyeza tu. Shauri hilo liliisha kwa kampuni kukubali kulipa dola milioni 7 na kubadili utaratibu huo.

Neno "bure" lina historia yake Marekani, na historia hiyo ndiyo ushahidi mkubwa wa hoja hii. Mwaka 2002 serikali ilikubaliana na muungano wa kampuni za programu kwamba kampuni zitatoa huduma ya bure kwa watu wa kipato cha chini na cha kati, nayo serikali haitajenga mtandao wake wa kushindana nazo. Huduma hiyo ikaitwa Free File. Kwa karatasi, walio wengi walistahili. Kwa vitendo, wachache sana waliifikia. Mwaka 2019 chombo cha habari cha ProPublica kilifichua kwamba Intuit, wenye TurboTax, waliweka kwenye ukurasa wao wa Free File maagizo ya kuzuia mitambo ya utafutaji isiuonyeshe, hivyo aliyeandika "kodi bure" kwenye Google alipelekwa kwenye bidhaa nyingine yenye jina linalofanana, ambayo ilikuwa na ngazi za kulipia. Mwaka 2020 ofisi ya mkaguzi mkuu wa Hazina anayesimamia masuala ya kodi ilikadiria kuwa zaidi ya watu milioni 14 waliostahili huduma ya bure huenda walilipa katika msimu mmoja tu. Mwaka 2022 Intuit ilikubali, bila kukiri kosa, kulipa dola milioni 141 kwa wateja wa majimbo yote 50 na jiji la Washington ambao walistahili kutolipa wakalipa. Waliorudishiwa walikuwa takriban watu milioni 4.4, kila mmoja akipata karibu dola 30 kwa kila mwaka aliotozwa.

Watu milioni kadhaa hawakulipia hesabu bora. Walilipia kutojua mlango uko wapi. Serikali yenyewe ilijaribu kufungua mlango mwingine: mwaka 2024 ilizindua Direct File, mtandao wake wa kufaili bure, kwa majimbo 12, na mwaka 2025 ukafika majimbo 25. Ulihudumia watu laki kadhaa, kwa Kiingereza na Kihispania. Kisha mwishoni mwa 2025 ikatangazwa kwamba hautakuwepo msimu wa 2026. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa hasara kwa wananchi wa kawaida, maana nchi nyingi zenye uwezo mdogo wa fedha kuliko Marekani, Kenya ikiwemo, huwapa walipakodi wao mtandao wa umma bila ada. Lakini hasara hiyo haikufunga kila kitu, na hapa ndipo karatasi zilizotandazwa mezani zinapofanya kazi.

Mtu ambaye mapato yake hayazidi kikomo cha Free File aingie kupitia tovuti ya IRS yenyewe, asipitie Google wala tangazo. Kikomo hicho hubadilika kila mwaka. Msimu wa 2025 kilikuwa dola 84,000, kiasi kinachowafunika wengi wanaofanya kazi maghalani, hospitalini na barabarani. Kule tovuti huorodhesha kampuni shiriki na masharti ya kila moja: umri, jimbo, kiasi cha mapato. Ukianzia pale, ile kazi ya gari ya mtu wetu wa Houston haimpandishi bei, kwa sababu makubaliano yanahesabu mapato yake na si aina ya fomu. Ukianzia kwenye ukurasa wa mbele wa kampuni hiyohiyo, unaweza kutozwa. Tofauti ni mlango tu, na inagharimu fedha halisi. Aliyezidi kikomo bado ana njia. FreeTaxUSA, kwa mfano, haitozi ritani ya shirikisho hata kama kuna biashara au nyumba ya kupangisha, na ritani ya jimbo huwa karibu dola 15. Ipo pia Cash App Taxes, ambayo asili yake inafundisha kitu: ilizaliwa kama huduma ya kodi ya bure ya Credit Karma, na Intuit ilipotaka kuinunua Credit Karma mwaka 2020, Wizara ya Sheria ilishikilia kwamba kitengo cha kodi kiuzwe kwingine ili mshindani wa bure asimezwe. Kilinunuliwa na Square, wenye Cash App. Wizara isingejisumbua kukinusuru kama huduma ya bure ingekuwa bandia.

Jimbo ndilo linalosahaulika zaidi katika kulinganisha bei. Matangazo hutaja bei ya ritani ya shirikisho, kisha ritani ya jimbo huongezwa mwishoni, na kwa kampuni kubwa peke yake huweza kupita dola 30. Anayeishi Texas, Florida, Tennessee au jimbo la Washington halimhusu, kwa sababu majimbo hayo hayatozi kodi ya mshahara. Wa Minnesota au Ohio linamhusu. Majimbo kadhaa yana mitandao yao ya bure: California, Pennsylvania na Illinois, kwa kutaja matatu, humruhusu mkazi kufaili ritani ya jimbo moja kwa moja bila kupitia kampuni. Mtu anaweza kufanya ya shirikisho kwenye programu ya bure, akaikataa ya jimbo pale inapoombewa ada, kisha akaingia tovuti ya jimbo na kunakili namba. Ni kazi ya jioni moja zaidi. Ohio ina safu ya tatu, kodi ya mji, ambayo kwa Columbus ni asilimia 2.5, na programu nyingi za kawaida haziitumi. Aliyefanya kazi mji mmoja na kulala mwingine aulize ofisi ya mji kabla ya kudhani kwamba amemaliza.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mazuri kwa maneno, lakini fulani alitumia programu ya ghali akapata marejesho makubwa kuliko mwaka uliotangulia. Hili husikika sana na linastahili jibu la makini. Marejesho ni fedha zako zilizokatwa zaidi ya kodi unayodaiwa, pamoja na baadhi ya unafuu. Hukua ukipata mtoto, ukikatwa zaidi kwa mshahara, kipato kikishuka, au sheria ikibadilika. Mwaka 2025 pekee unafuu wa mtoto ulipanda kutoka dola 2,000 hadi 2,200. Yote hayo hutokea huku mtu amebadilisha programu, naye huipa programu sifa. Upo ukweli kidogo ndani ya hoja hiyo, nao ni kwamba maswali ya programu nyingine yameandikwa vizuri zaidi, kwa lugha nyepesi na maelezo ya kutosha, na mtu asiyejua kwamba anastahili unafuu wa mapato ya kazi anaweza kuongozwa hadi akaupata. Unafuu huo si mdogo: kwa mwaka 2025 familia yenye watoto watatu au zaidi ingeweza kufikia dola 8,046. Lakini programu za bure nazo zinauliza maswali hayo. Zinazidiwa kwa mapambo na msaada wa simu. Kama msaada wa simu ni muhimu kwako, ulipie ukijua unalipia sauti ya mtu, na usiambiwe kwamba umenunua kodi ndogo.

Vivyo hivyo kwa dhamana ya usahihi inayopigiwa debe. Soma masharti yake utaona kwamba kwa kawaida kampuni inaahidi kulipa faini na riba iwapo programu yenyewe ilikosea hesabu. Kodi yenyewe unailipa wewe, na kosa lililotokana na namba uliyoingiza vibaya halimo. Kampuni za bei ndogo nazo hutoa dhamana za namna hiyo. Makosa mengi ya watu wa kawaida ni ya kuingiza: tarakimu iliyobadilishwa kwenye namba ya hifadhi ya jamii, W-2 ya mwajiri wa miezi miwili iliyosahaulika, au mtoto aliyeandikwa na wazazi wawili wanaoishi mbalimbali. Dawa yake ni kusoma tena kabla ya kutuma.

Hoja ya pili ina uzito zaidi kwa wasomaji wa Kiswahili. Programu ziko kwa Kiingereza, na chache kwa Kihispania. Mkimbizi kutoka Kivu aliyefika juzi, mwenye kusoma Kifaransa na kuongea Kiswahili, atamtafuta jamaa wa mtaani anayeifanya kazi hii kwa lugha anayoielewa, na atamlipa. Simlaumu. Lakini anayelipwa kuandaa ritani ya mtu anatakiwa kisheria kuwa na namba ya usajili iitwayo PTIN na kuitia sahihi ritani hiyo. Asiyetaka kutia sahihi, anayedai asilimia ya marejesho kama ujira, au anayeelekeza fedha ziingie akaunti yake kwanza, ni mtu wa kukimbiwa, kwa sababu kukiwa na uongo ndani ya ritani, IRS itamdai mwenye jina. Zaidi ya hapo kuna VITA, mpango wa watu wa kujitolea waliofunzwa na kupimwa na IRS, wanaowaandalia ritani bure watu wa kipato cha wastani na cha chini, wenye ulemavu, na wasiojua Kiingereza vizuri. Vituo vyake huwekwa kwenye maktaba, vyuo na vituo vya jamii kati ya Januari na Aprili, na unaweza kwenda na jamaa wa kukutafsiria. Mwenye lugha ngumu apewe mtu kabla ya kupewa programu. Ila mtu huyo si lazima awe wa kulipwa.

Wengine huhofia usiri: kitu cha bure kitakuwa kinauza habari zangu. Hofu hiyo ni halali, ila inaelekezwa upande mmoja bila sababu. Sheria ya shirikisho inakataza kampuni inayoandaa ritani kutumia taarifa zake kwa mambo mengine bila idhini ya mwenyewe, iwe imetoza au haikutoza. Idhini huombwa kwenye kioo, mara nyingi mapema, kwa maneno ya kuvutia kuhusu "kukupatia ofa", na una haki ya kukataa na kuendelea. Halafu mwaka 2022 chombo cha habari cha The Markup kilionyesha kwamba tovuti za H&R Block, TaxAct na TaxSlayer zilikuwa zikipeleka taarifa za watumiaji kwa Facebook kupitia kipande kidogo cha programu cha kufuatilia wageni. Wateja waliolipa walikuwa miongoni mwao.

Kuna wakati wa kulipa, na kuficha hilo kungekuwa kumpotosha msomaji. Mwanafunzi kutoka Mombasa au Mwanza mwenye viza ya F-1 kwa kawaida huhesabiwa si mkazi kwa kodi katika miaka yake mitano ya kwanza ya kalenda, na fomu yake ni 1040-NR. TurboTax na nyingi za aina yake haziiandai. Akijilazimisha kwenye 1040 ya kawaida atapewa nafuu asizostahili, na jambo hilo huweza kumletea shida baadaye hata kwenye mambo ya viza. Programu ya wasio wakazi, kama Sprintax, ina bei yake na inafaa kulipiwa. Vyuo vingi huinunua kwa niaba ya wanafunzi wao, kwa hiyo ofisi ya wanafunzi wa kigeni iulizwe kwanza. Mkazi mwenye nyumba ya kupangisha Kitengela au Kigamboni anatakiwa kuitaja kodi ya pango hilo kwenye ritani ya Marekani, hata kama fedha hazijavuka bahari, na kodi aliyolipa KRA au TRA huweza kuhesabiwa ili asitozwe mara mbili. Hapo kuna uchakavu wa jengo na ubadilishaji wa fedha, na mwaka wa kwanza mhasibu anayejua mambo hayo anastahili ujira wake. Akaunti za nje zikifika kwa pamoja zaidi ya dola 10,000 wakati wowote wa mwaka, kuna taarifa ya FBAR, ambayo hupelekwa bure kwenye tovuti ya kitengo cha Hazina kiitwacho FinCEN, nje ya ritani kabisa. Anayekutoza pesa nyingi kwa hiyo peke yake anauza kazi ya dakika ishirini.

Jihadhari pia na njia za kulipia. Programu nyingi hukuambia usitoe kadi sasa, ada itakatwa kwenye marejesho. Huduma hiyo huongeza takriban dola 40 juu ya ada yenyewe, na hivyo mtu aliyekwepa kutoa dola 60 leo hutoa 100 kesho. Kwa aliyetuma kwa mtandao na kutaja akaunti ya benki, marejesho mengi hufika ndani ya siku 21, isipokuwa wanaodai unafuu wa mapato ya kazi, ambao kisheria hawalipwi kabla ya katikati ya Februari, programu yoyote ile. Na asiye na pesa ya kumalizia kodi atume ritani hata hivyo: faini ya kutofaili ni asilimia 5 ya deni kwa mwezi, ilhali ya kuchelewa kulipa ni nusu asilimia.

Mtu aliyezoea programu moja huogopa kuihama akidhani historia yake itapotea. Anachohitaji ni nakala ya ritani ya mwaka jana, aipakue kabla ya kuondoka, maana namba iliyo mstari wa 11, jumla ya mapato yaliyorekebishwa, ndiyo itakayoombwa na programu mpya kama sahihi yake ya utambulisho. Anayefaili kwa mara ya kwanza huandika sifuri. Na kwa sababu programu nyingi hazitozi mpaka pale unapotuma, hakuna kinachokuzuia kujaza mbili hadi mwisho, ya bure na ya ghali, ukaweka matokeo bega kwa bega. Tazama mstari wa 24, kodi yote, na mstari wa 34, kiasi kilichozidi. Zikilingana hadi dola ya mwisho, tuma kwa ile ya bure. Zikitofautiana, rudi nyuma swali kwa swali mpaka ulione jibu ulilolitoa tofauti upande mmoja, kisha lirekebishe kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma.